Maikrofoni isiyo na waya: Kagua masafa kabla ya bei

KATIKA eneo la Kisaju, kando ya barabara kuu ya Namanga kati ya Kitengela na Isinya, harusi, harambee na mikutano ya hadhara aghalabu hufanyika chini ya hema. Mshereheshaji hutembea miongoni mwa wageni, naye hataki waya wa kumkwaza. Ndiyo maana maikrofoni za mkononi zisizo na waya, hasa za bei nafuu, huvutia makanisa, shule na vijana wanaokodisha mitambo ya sauti.

Hata hivyo, kifaa kinachosikika vyema dukani chaweza kukatika papo hapo babake bibi harusi anapoanza kutoa wasia. Kwa kijana anayeishi kwa kukodisha mitambo, aibu ya siku moja humpotezea wateja wengi.

Maikrofoni hizi zina sehemu mbili. Kichwa chake hugeuza sauti kuwa umeme, na kitumaji kilicho ndani ya mpini huirusha kama mawimbi ya redio hadi kwa kipokezi kilichounganishwa na amplifaya. Kwa hivyo, mnunuzi hana budi kupima mambo mawili: sauti na mawimbi.

La kwanza kuulizia ni masafa, ambayo kwa kawaida huandikwa kwenye kibandiko cha kipokezi. Kenya ilihamia televisheni ya dijitali mwaka 2015. Masafa ya kati ya megahezi 694 na 862, yaliyokuwa ya televisheni, yametengewa mawasiliano ya simu. Maikrofoni inayotumia masafa hayo hukumbana na mawimbi ya simu, na yenyewe yaweza kuvuruga mtandao. Nchini Marekani, maikrofoni za masafa ya megahezi 700 zilipigwa marufuku Juni 2010. Anayenunua kifaa kilichotumika ng'ambo awe mwangalifu. Aidha, vifaa vya redio humu nchini vinahitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano (CA).

Maikrofoni za gigahezi 2.4 nazo hutumia masafa yaleyale ya Wi-Fi na Bluetooth. Zafaa darasani, lakini huenda zikasumbuka penye vifaa vingi vya intaneti.

La pili ni iwapo masafa yanaweza kubadilishwa. Baadhi ya maikrofoni za bei ya chini zimefungiwa kwenye masafa mamoja tu. Makanisa mawili jirani yakinunua aina moja, mahubiri ya moja yaweza kusikika katika spika za lingine. Anayenunua mbili aziwashe pamoja: ikiwa moja inaizima nyingine, zinagombania masafa.

Baada ya hapo ipimwe sauti. Mtu aongee karibu na kichwa cha maikrofoni, kisha aongee kutoka nyuma yake. Iliyo bora hunasa sauti ya mbele na kupunguza ya nyuma, hivyo kupunguza ule mlio mkali unaotokea sauti ya spika inaporudi kwenye maikrofoni. Katika kanisa la mabati, ambako sauti hugonga kuta na kurudi, tofauti hiyo ni kubwa. Kukifunika kichwa hicho kwa kiganja huzidisha mlio. Kwenye nyanda za Kaputiei zenye upepo, kifuniko cha sifongo ni cha lazima.

Umbali unaotajwa kwenye katoni usiaminiwe, kwa kuwa aghalabu hupimwa mahali pasipo na kizuizi. Mwili wa binadamu hufyonza mawimbi. Hema lililokuwa tupu asubuhi huwa jambo jingine likijaa watu. Kipokezi kiwekwe juu, antena zikionekana kutoka mahali msemaji atakapokuwa, wala si sakafuni nyuma ya spika. Antena mbili pekee si hakikisho. Kinachofaa ni kipokezi kinachochagua kila mara antena yenye mawimbi bora.

Mwisho ni betri. Zinazotumia betri za kawaida za AA ni afueni kwa kuwa hupatikana madukani kwa urahisi. Zenye betri ya ndani ya kuchajiwa zipimwe kwa kuachwa zikiwaka hadi zizimike, ili mwenyewe ajue zinadumu saa ngapi.

Ni vyema mnunuzi akubaliane na mwenye duka kuhusu kurejesha kifaa, kisha akijaribu mahali kitakapotumika. Na hata kikipita majaribio yote, maikrofoni ya waya isikose karibu na jukwaa.