Ulozi ao Sumu? Mioyo Miwili ya Chura

Tufikiri jambo hili. Asubui mutoto anacheza vizuri. Saa sita mate mingi inamutoka, anatapika, anatetemeka, mboni za macho zimekuwa kidogo kama tundu la sindano. Majirani wanasema: "Hii iko ulozi!" Na muzee mumoja wa jirani anaanza kuangaliwa vibaya. Kumbe nyuma ya nyumba kuko chupa ya Fanta ambamo waliweka dawa ya kuua wadudu wa nyanya.

Dawa nyingi za namna ile zinavuruga kitu kimoja ndani ya mwili, jina lake asetilikolini. Wenye elimu walikijua namna gani?

Zamani walibishana: mushipa wa fahamu unaamuru moyo kwa umeme, ao kwa kitu fulani kama dawa? Otto Loewi, mwalimu wa Graz kule Austria, alisimulia kwamba usiku wa kuamkia Pasaka 1920 aliota namna ya kujaribu. Akaandika kwa karatasi, lakini asubui hakuweza kusoma mwandiko wake (sisi wahubiri tunaijua shida hii). Usiku uliofuata, saa tisa, ndoto ikarudi. Safari hii alikimbia laboratwari palepale.

Alitwaa mioyo miwili ya chura, akaitia katika maji ya chumvi, nayo ikaendelea kupiga. Wa kwanza ulikuwa na mushipa wake, wa pili hapana. Alipogusa mushipa kwa umeme, moyo wa kwanza ukapiga polepole. Akachukua maji yake, akayatia kwa moyo wa pili. Nao ukapiga polepole! Basi ule ujumbe ulikuwa ndani ya maji. Alitangaza jambo hili mwaka 1921.

Lakini ni kitu gani? Torati inataka mashahidi wawili ao watatu, na hapa vilevile. Asetilikolini iliyotengenezwa na watu ilipunguza mwendo wa moyo sawasawa. Atropini ilizuia kazi ya vyote viwili. Mwaka 1929 Henry Dale na Harold Dudley waliipata ndani ya mwili wa ngombe na farasi. Dale na Loewi walipewa zawadi ya Nobel mwaka 1936.

Shahidi mwingine alitoka Afrika yetu. Kule Calabar, Nigeria, mutu aliyeshitakiwa ulozi alilazimishwa kula maharagi fulani: akitapika na kupona, hana kosa; akikufa, alikuwa mulozi. Mwaka 1926 Loewi na Navratil walionyesha kwamba dawa ya maharagi yale inazuia mwili kuharibu asetilikolini, basi inazidi kupita kiasi. Dawa ile ya wadudu inaua kwa njia ileile. Maharagi hayakujua mulozi ni nani.

Kwa hiyo munganga anatia atropini ndani ya mushipa wa damu, tena na tena, mpaka kifua kikauke. Mumuvue mutoto nguo zenye dawa, mumuoshe, musimulazimishe kutapika, mumupeleke mbio hospitali. Na ile chupa muichukue pia.