Falsafa ya Lugha: Pale Neno Linapokuwa Tendo

Falsafa ya lugha, ambayo wanafunzi wa falsafa hukutana nayo chuo kikuu, huchanganywa mara nyingi na isimu kwa kuwa masomo yote mawili hushughulika na maneno na sentensi. Mwanaisimu huchunguza jinsi lugha zilivyoundwa, yaani sauti, maumbo ya maneno na mpangilio wa sentensi, ilhali mwanafalsafa huuliza swali linalotangulia yote hayo: inawezekanaje sauti itokayo kinywani ihusu kitu kilicho mbali na msemaji, na ni nini kinachoifanya sentensi iwe na maana?

Kwa kawaida mafunzo huanza na Gottlob Frege, mwanahisabati wa Ujerumani, ambaye katika makala yake ya mwaka 1892 alionesha kwamba maana ya jina haiishii kwenye kitu kinachotajwa. Nyota ya asubuhi na nyota ya jioni ni kitu kimoja, yaani sayari ya Zuhura, lakini mtu anaweza kuyaelewa vyema majina yote mawili asijue kwamba yanataja kitu kile kile. Ndiyo maana Frege alitenganisha kirejelewa, ambacho ni kitu chenyewe, na maana, ambayo ni namna kitu hicho kinavyojitokeza kwa anayekitaja. Mjadala huo uliendelezwa na Bertrand Russell mwaka 1905, na baadaye na Saul Kripke katika mihadhara yake ya Princeton ya mwaka 1970.

Hata hivyo, sehemu ya somo hili inayogusa zaidi maisha ya watu ni ile iliyoasisiwa na J. L. Austin wa Oxford, aliyetoa mihadhara yake mashuhuri katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1955, ingawa kitabu kilichotokana nayo kilitoka mwaka 1962, miaka miwili baada ya kifo chake. Austin aliona kwamba wanafalsafa walikuwa wamezama mno katika sentensi zinazoeleza mambo, ambazo huwa kweli au uongo, wakazisahau zile ambazo kuzitamka ndiko kutenda: anayesema "naahidi" haielezi ahadi iliyokwisha kuwapo, bali anaiweka papo hapo. Matamshi ya namna hii, yaitwayo matendo uneni, hayapimwi kwa ukweli bali kwa masharti, kwa maana ni lazima pawepo utaratibu unaotambulika, msemaji awe na mamlaka yanayohitajika, na utaratibu wenyewe utimizwe kikamilifu.

Nadharia hiyo haihitaji kutafutiwa mfano ng'ambo. Mume Mwislamu anapomtamkia mkewe talaka, tamko hilo, likitimiza masharti ya sheria ya Kiislamu, linatosha kuwa talaka. Lakini chini ya Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, ndoa haivunjiki mpaka mahakama itoe amri, na tamko lile lile, baada ya baraza kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, huwa msingi wa mahakama kuona kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Maneno hayakubadilika hata silabi moja, ila katika utaratibu mmoja ni tendo lililokamilika na katika mwingine ni ushahidi unaosubiri tendo la hakimu. Hapo ndipo mwanafunzi anapotambua kwamba nguvu ya neno haimo katika neno peke yake, na kwamba suala linaloonekana kuwa la darasani linaweza kuamua kama mwanamke ni mke wa mtu au siye, pamoja na haki zinazofuatana na hali hiyo.

Mifano ya aina hii imejaa katika mabaraza, misikiti, makanisa na mahakama za Afrika Mashariki, ilhali vyuo vya eneo hili bado hufundisha falsafa zaidi kwa Kiingereza. Wahadhiri wanaosimamia somo hili wawape wanafunzi wao nafasi ya kuichambua mifano hiyo kwa Kiswahili, katika lugha ile ile ambayo ahadi, viapo na talaka hizo hutamkwa.