Kusoma mimea ni kazi: mtoto wa mkulima wa Katana anaweza kuifikia



Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Leta yakitoka, swali moja linarudi katika mikutano ya koperative zetu hapa Katana na kandokando. Mtoto amepata diploma, anasema anataka kwenda kusoma mimea. Papa yake anashangaa: «Majani? Majani si tunayajua sisi wenyewe? Niuze mbuzi juu ya majani?» Wazazi wengi wangependa mtoto asome udaktari, sheria ao uhasibu. Hatuwalaumu. Mtu anayeuza mbuzi ao kipande cha shamba ili alipe minervale ana haki ya kuuliza mtoto atakula wapi kesho.

Tumeona ni vizuri kulijibu swali hilo wazi, bila kuficha magumu yake. Sisi watu wa Katana tunaishi katikati ya vituo vya utafiti wa mimea, na mashamba yetu yanategemea kazi ya watu hao kuliko tunavyofikiri. Lakini watoto wetu wanaoingia katika kazi hiyo ni wachache.

Mtaalamu wa mimea ni nani?

Tunamjua agronomu. Yeye anauliza: tufanye nini shamba litoe zaidi? Mtaalamu wa mimea anaanza nyuma kidogo. Anauliza: huu ni mmea gani? Unazaa vipi? Unaishi wapi, unafanana na upi, na ni nini kinachoutofautisha na ndugu yake?

Kazi yake ya kwanza ni kutoa jina la hakika. Mmea tunaouita mubirizi kwa Mashi una majina mengine Uganda, Tanzania na Nijeria. Wataalamu wengi wanaujua kwa jina la Vernonia amygdalina. Jina hilo linamwezesha mtu wa Bukavu na mtu wa Kampala kujua kwamba wanazungumza juu ya mmea uleule. Kwa dawa za majani, hilo si jambo dogo: majani mawili yanaweza kufanana, moja likatibu na lingine likadhuru.

Ili jina liwe na ushahidi, mtaalamu anachuma tawi lenye majani na maua ao matunda, analibana katikati ya magazeti, analikausha, kisha analibandika kwenye karatasi ngumu. Pembeni anaandika mahali, tarehe, urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari, jina la kienyeji na jina la aliyechuma. Nyumba ya kutunza karatasi hizo inaitwa herbaria. Tawi likitunzwa vizuri, mtu anaweza kulisoma hata baada ya miaka mia.

Nyumba za elimu ziko mlangoni kwetu

Wengi wetu tumepita mara nyingi mbele ya majengo ya Lwiro. Taasisi iliyoyajenga, IRSAC, ilianzishwa mwaka 1947 wakati wa Wabelgiji. Leo ni CRSN, Kituo cha Utafiti wa Sayansi ya Maumbile, na kina idara ya biolojia na herbaria yake. Si mbali na hapo kuna kituo cha INERA Mulungu, kinachojulikana sana kwa kazi yake juu ya maharagi, hasa yale yanayopanda mti. Juu yetu kuna Mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970 na kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1980. Msitu wake wa mlimani una aina zaidi ya 1,000 za mimea.

Kuna wanafunzi wanaotoka Ulaya na Marekani kuja kusoma mimea ya milima hii. Mtoto wa Katana anaiona kila asubuhi akienda shuleni.

Ua la mgomba lilivyookoa mashamba

Mtu akisema elimu ya maua haileti chakula, tumkumbushe ugonjwa wa kunyauka kwa migomba. Bakteria yake ilielezwa kwanza Etiopia mwaka 1968, kwenye mmea wa ensete ulio ndugu wa mgomba. Mwaka 2001 ugonjwa ukaonekana Uganda, na pia Masisi katika Kivu ya Kaskazini. Baadaye ukafika huku kwetu. Tunajua ulichofanya: majani yanakuwa manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, mapato ya nyumba yanakwisha.

Shauri la kwanza lilikuwa kung'oa kisiki kizima pamoja na machipukizi yote. Kazi ngumu, na mkulima alikaa muda mrefu bila ndizi. Wengi walikataa, na tuliwaelewa.

Kilichobadilisha mambo ni kuuangalia mmea wenyewe kwa makini. Wataalamu waliona kwamba wadudu wanaotafuta utamu wa ua dume wanabeba bakteria na kuiingiza kupitia vidonda vya pale maua yalipodondoka. Kwa hiyo ua dume linaondolewa mapema, kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Waliona pia kwamba bakteria haifiki katika machipukizi yote ya kisiki kwa wakati mmoja. Basi inatosha kukata shina lililougua peke yake, chini kabisa usawa wa udongo, mara tu dalili zinapoonekana, na kurudia kila dalili zikitokea tena. Panga linapitishwa motoni ao katika maji ya javeli kabla ya kugusa mgomba mwingine. Njia hiyo ilijaribiwa pia katika mashamba ya wakulima wa Kivu, na visiki vingi vilivyokuwa ving'olewe bado vinazaa.

Kinkina na jina lililopotea

Mfano mwingine ni kinkina, mti ambao wengi wetu tumeupanda ao tumeuza magome yake. Kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kinatoa humo kinini, dawa ya malaria. Mti huu asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Iko aina nyingi za kinkina, na kwa macho ya haraka zinafanana. Lakini moja magome yake yana kinini nyingi, nyingine kidogo sana. Kuzitofautisha ndiko kulikotajirisha watu.

Aliyejua kuzitofautisha alikuwa Manuel Incra Mamani, mwenyeji wa Bolivia. Yeye ndiye aliyekusanya mbegu bora kwa ajili ya bwana wake, mfanyabiashara Mwingereza Charles Ledger. Mwaka 1865 mbegu zikafika Ulaya. Waingereza hawakuzitaka. Waholanzi walinunua kidogo, wakazipanda Java, na kwa miaka mingi wakatawala biashara ya kinini duniani. Mamani aliporudi kutafuta mbegu nyingine alikamatwa, akapigwa, akafa. Mti ule ulipewa jina la Cinchona ledgeriana, kwa jina la Ledger.

Tunaisimulia habari hii juu inatuhusu. Wazee wetu wana ujuzi kama wa Mamani: wanajua mti gani unashika udongo wa mlima, jani gani linafukuza wadudu ghalani, haragi gani linavumilia mvua nyingi. Wengine wanakuja, wanauliza, wanaandika, wanaondoka. Mtoto wetu mwenyewe akiwa ndiye anayeandika, jina na faida vina njia ya kubaki nyumbani.

Mkongomani aliyeishika njia hii

Corneille Ewango alizaliwa katika familia ya wawindaji. Alisoma biolojia Kisangani, kisha akafanya kazi Epulu, katika Hifadhi ya Okapi kule Ituri. Vita vilipofika, wengi walikimbia. Yeye alibaki akaficha mikusanyo ya mimea na matokeo ya miaka ya kazi, na ikabidi akimbilie msituni mwenyewe. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya Goldman, inayotolewa kwa watetezi wa mazingira duniani. Akaendelea na masomo Missouri, Marekani, na mwaka 2010 akapata udaktari wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, kwa utafiti juu ya mimea inayopanda miti katika msitu wa Kongo. Kisha akarudi kufundisha Kisangani.

Si kila mtoto atapewa tuzo. Lakini njia hiyo ilipitwa na mtoto wa kijiji cha Kongo, si mtu wa mbali.

Njia yenyewe hatua kwa hatua

*Sekondari.* Mtoto achague biolojia na kemia, ile wanafunzi wanaita «biyoshimi», ao ufundi wa kilimo. Hesabu na Kifaransa asivitupe.

*Chuo kikuu.* Bukavu peke yake kuna milango kadhaa. Chuo Kikuu cha Leta, UOB, kinafundisha biolojia. ISP kinatayarisha walimu wa biolojia na kemia. UCB na UEA vinafundisha kilimo, na kupitia kilimo mtu anaweza kugeukia mimea. Kwa utaratibu mpya wa LMD, lisansi ni miaka 3, masta miaka 2, kisha udaktari kwa anayetaka kuwa mtafiti kamili.

*Kazi.* Vituo vya utafiti, ICCN inayotunza mbuga, SENASEM inayokagua mbegu, viwanda vya dawa, koperative za kahawa, mashirika ya upandaji miti, shule.

Sasa magumu. Mshahara wa Leta ni mdogo na mara nyingi unachelewa. Nafasi hazitoshi wote. Mwenye lisansi peke yake anaweza kukaa muda bila kazi ya maana. Kwa hiyo tunashauri mwanafunzi awe na kazi ya pili ya mikono inayotokana na masomo yake: kitalu cha miche, kupandikiza parachichi, mbegu bora za maharagi. Mtu anayejua mimea kwa kitabu na kwa mkono halali njaa kirahisi. Na wasichana wasiachwe nyuma: mbegu za nyumba mara nyingi zinachaguliwa na mama, na binti anayeanza na ujuzi huo haanzi bule.

Koperative inaweza kufanya nini?

Mzazi mmoja hawezi kubeba mzigo huu peke yake, na faida nayo haibaki kwake peke yake. Tunapendekeza mambo manne:

1. Kutenga sehemu ndogo ya mapato ya mavuno kwa mwanafunzi mmoja wa mimea ao kilimo, kwa mapatano yaliyoandikwa. Naye wakati wa likizo afanye kazi katika mashamba ya wanamemba.

2. Kufungua daftari la mimea. Vijana wakaushe matawi katika magazeti, waandike jina la Mashi, matumizi, mahali na tarehe, na jina la mzee aliyeeleza. Dawa za siri za familia zisiandikwe bila ruhusa ya wenyewe.

3. Kuomba ziara ya wanafunzi wa sekondari Lwiro ao Mulungu. Barua iandikwe na shule pamoja na koperative, na itumwe mapema.

4. Mtafiti akija kupima shamba ao kuuliza maswali, kamati impokee vizuri, na imwulize tarehe ya kurudisha matokeo. Waandike tarehe hiyo mbele yake.

Jambo la kwanza ndilo zito, juu linagusa mfuko. Lizungumzeni katika mkutano mkuu kabla minervale hazijaanza kudaiwa. Koperative itakayopatana, itume habari kupitia kwa mhamasishaji wake, tuieleze hapa ili wengine wajifunze jinsi mlivyogawana gharama.