Minervali inatoka kwenye shimo: tulienda kuona masomo ya watoto wetu Burungu

Ndugu wachimbaji, na nyinyi mama mnaobaki nyumbani na watoto, wiki iliyopita tuliacha kidogo mambo ya bei ya koltani tukaenda kuona masomo. Tulikuwa wanne wa sendika. Sekondari yenyewe ni ya serikali, iko huku Burungu. Jina tunaliacha, sababu yale tuliyoyaona yako kwenye masomo mengi ya Masisi na Walikale.

Kuta ni za mbao, juu bati. Mvua ikianza kunyesha mwalimu ananyamaza, hakuna anayemsikia tena. Wanafunzi watano wanabanana kwenye benchi ya watatu. Maktaba ni sanduku moja ofisini kwa prefe. Maabara hakuna kabisa: watoto wa Bio-Kemia wanachora mikroskopi kwenye daftari, hawajaishika hata siku moja, lakini Exetat haitawauliza kama waliiona ao hapana. Choo cha wasichana hakina mlango. Wasichana wakubwa wakiwa kwenye siku zao wanabaki nyumbani, na interro inapita bila wao. Jambo la mlango tu! Mbao tunazobebesha mashimo kila siku zingetosha.

Lakini watoto hawakukaa bure. Wako na serikali yao ya wanafunzi, na waziri wa usafi anayewaamsha wote kwa salongo ya jumamosi. Wako na kwaya, na timu ya mpira ambayo inacheza pekupeku. Ijumaa wanafanya mjadala, na siku ile walituweka mbele kama wageni. Swali: diploma ao shimo, nini inasaidia jamaa zaidi?

Kundi la shimo lilianza na nguvu. Kijana mmoja wa darasa la mwisho alisema mwalimu wake mwenyewe, vakansi ikifika, anashuka kuchimba. Watu walipiga makofi. Mwalimu aliangalia chini. Tulijua ni kweli, sababu tumemkuta kule.

Kisha msichana mmoja alisimama. Alisema baba yake akitoka kuuza anamletea karatasi ya negosian, ni yeye anayepiga hesabu ya kilo na ya teneri. Siku moja alikuta kilo mbili hazikuandikwa. Baba alirudi kudai, akalipwa. Akauliza wenzake: nani kati yenu angeliziona? Hapo makofi hayakuwa mengi, lakini sisi wanne tuliangaliana. Ni wangapi kati yetu tunatia kidole kwenye karatasi tusiyoisoma?

Sasa pesa. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya serikali ni bure, kama katiba ya 2006 inavyosema. Sekondari haimo. Mzazi analipa minervali, tena anaongeza ya kusaidia walimu ambao serikali haijawaweka kwenye mshahara. Shule inataka pesa kwa tarehe. Shimo halina tarehe. Linaweza kukaa miezi miwili bila kutoa kitu, na PDG naye anakata deni lake kwanza. Mtoto anafukuzwa darasani, anazunguka siku tatu, ya nne anabeba chepe. Sheria inakataza mtoto chini ya miaka 18 kufanya kazi mgodini, lakini tuliowaona wakiosha mchanga tunajua miaka yao.

Kodi ya madini ya 2018 inagawa redevansi: 50% kwa serikali ya kati, 25% kwa provensi, 15% kwa cheferi, sekta ao komini, 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tuliwaeleza wazazi jambo moja linalosahauliwa: ile 15% inaenda pale madini yanapochimbwa. Mtu wa Burungu akienda kuchimba mbali, jasho lake linajenga kule, kama linajenga. Hapa benchi inabaki ileile.

Kwa hiyo tulimuomba prefe mtoto wa mchimbaji asifukuzwe mpaka baba auze, na sendika ishike daftari ya wanaodaiwa. Hakukubali, hakukataa. Alisema walimu wake nao wanakula.

Jumapili baada ya misa tutakutana na komite ya wazazi kwenye uwanja wa mpira. Mje na karatasi za minervali mlizopewa, hata zile zilizochanika. Mbao za mlango wa choo zimeshapatikana, tunatafuta bawaba.