Mkimbizi na Mtu Mwenye Silaha

Tarehe 28 na 29 Aprili, 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilaya ya Ngara, mkoani Kagera. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi halikuwa limepata kuona umati mkubwa kiasi hicho ukihama kwa mkupuo mmoja. Chini ya daraja hilo, mto Kagera ulikuwa ukichukua maiti za waliouawa na kuzipeleka Ziwa Victoria. Askari wa Tanzania waliokuwa zamu mpakani waliwaamuru waliokuwa wakivuka waweke silaha zao chini, na kando ya barabara lundo la mapanga likazidi kukua.

Lundo lile lastahili kukumbukwa na kila askari na kila polisi. Panga ni chombo cha mkulima pia. Aliyekuwa akilikatia ndizi na aliyelitumia kumwua jirani yake walisimama katika mstari mmoja, wamevaa nguo zile zile na wana njaa ile ile. Askari hana uwezo wa kuusoma moyo wa mtu. Alicho nacho ni uwezo wa kuiondoa silaha mkononi, kisha kumwachia njia apite anywe maji.

Sheria yenyewe ndivyo isemavyo. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi, uliopitishwa Addis Ababa tarehe 10 Septemba, 1969, unatamka kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la utu, wala nchi aliyoikimbia haina haki ya kulihesabu kuwa ni uadui. Lakini mkataba huo huo unamkataza mkimbizi kuendesha hujuma dhidi ya nchi yoyote mwanachama. Unawanyima hadhi ya ukimbizi waliotenda makosa dhidi ya ubinadamu. Na unaitaka nchi inayopokea iwaweke wakimbizi mbali ya kutosha na mpaka, kadiri iwezekanavyo. Masharti hayo matatu hayawezi kutekelezwa na daktari wala na mgawaji wa unga. Ni kazi ya vyombo vya ulinzi na usalama.

Jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu ilidhihirika mapema huko Ngara, katika kambi ya Benaco. Mwezi Juni 1994 ilipotakiwa kumwondoa kambini Jean-Baptiste Gatete, aliyepata kuwa kiongozi wa komuni ya Murambi, umati wa maelfu ya watu uliwazingira wafanyakazi wa misaada na kuwatishia maisha. Baadaye mtu huyo alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha. Rufani yake iliposikilizwa mwaka 2012 kifungo chake kikawekwa kuwa miaka 40. Wengi waliopiga kelele siku ile hawakuwa wauaji. Walikuwa wamezoea kumtii mkubwa wao, na hofu waliyotoka nayo nyumbani ilikuwa ingali pamoja nao.

Upande wa magharibi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Katikati ya mwezi Julai 1994, watu wanaokaribia milioni moja walimiminika katika mji wa Goma, nchini Zaire. Ardhi ya huko ni mwamba wa volkano, jembe haliingii. Hapakuchimbika vyoo, wala makaburi. Maji ya Ziwa Kivu yalinywewa jinsi yalivyo, kipindupindu kikaingia, na katika majuma machache watu wapatao 50,000 wakafa kwa maradhi.

Hata hivyo, ugonjwa ulidhibitiwa. Lisilodhibitiwa ni jeshi lililoshindwa Rwanda, ambalo lilivuka mpaka pamoja na makamanda wake. Baadhi ya silaha zilichukuliwa na askari wa Zaire, nyingine zikabaki. Katika kambi za Mugunga, Kibumba na Katale, viongozi wa utawala ulioanguka ndio walioshika orodha za mgawo. Idadi ya watu ikazidishwa, chakula kilichozidi kikauzwa, na aliyetaka kurudi kwao akatishwa au akauawa. Mapema mwaka 1995 Umoja wa Mataifa uligharimia kikosi cha askari 1,500 wa Zaire kulinda kambi hizo. Kikosi kilipunguza ujambazi. Lakini kuwatenga wapiganaji na raia halikuwa jukumu lake, na kambi zilikuwa zimekaa karibu mno na mpaka. Vita vilipoanza mwishoni mwa mwaka 1996 kambi zenyewe zilishambuliwa. Mamia ya maelfu ya watu walirejea Rwanda mwezi Novemba. Wengine walikimbilia misitu ya magharibi, na wengi wao hawakuonekana tena.

Benaco nayo haikuwa mbali na mpaka, na Tanzania haikukosa lawama yake. Mwezi Desemba 1996 Serikali, pamoja na Shirika la Kuhudumia Wakimbizi, ilitangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda warejee kwao kabla ya mwaka kwisha. Baadhi waliondoka kambini wakielekea ndani ya nchi. Askari na polisi wakawageuza kuelekea Rusumo, na watu wapatao 480,000 wakavuka daraja lile lile. Wapo waliosema kwamba si wote waliorejea kwa hiari, na neno hilo lina uzito, kwa kuwa sheria hairuhusu kumrudisha mtu kwenye hatari.

Yapo pia mambo madogo yanayomhusu askari wa kawaida. Kipimo cha mashirika ya misaada ni lita 15 za maji kwa kila mtu kwa siku, na choo kimoja kwa watu 20. Mahali maji yasipotosha, bomba huwa uwanja wa ugomvi, na polisi mmoja mwenye subira hapo huokoa mengi. Kuni zikiwa mbali, wanawake hushambuliwa njiani. Doria inayofuata njia ya kuni kwa saa wanazokwenda wanawake ina faida kuliko ile inayokaa langoni.

Na kuna suala la mahali pa kuweka mzinga. Jina la Mugunga lilisikika tena tarehe 3 Mei, 2024, mabomu yalipoangukia kambi za waliokimbia vita karibu na Goma na kuua watu wasiopungua 9. Mashirika ya misaada yalikuwa yamekwisha kulalamika kwamba mizinga huwekwa jirani na mahema. Mzinga ukipiga hujibiwa, na jibu halichagui kati ya mpiga mzinga na mtoto aliyelala hatua chache kutoka hapo. Mwishoni mwa Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliuteka mji wa Goma. Mwezi uliofuata waliwapa watu wa kambi hizo saa 72 wawe wameondoka, na waliokuwa wamevikimbia vijiji vyao wakarudi barabarani, mizigo kichwani.