Vipindi vya Dar, habari za Arusha

Juma hili nazungumzia televisheni za mikoani.

Mawimbi ya televisheni hayaendi mbali kama ya redio, na mlima huyazuia. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa Arusha, chini ya Mlima Meru, ni zaidi ya kilomita 400 hata kwa ndege. Ndiyo maana ITV na DTV zilipoanza mwaka 1994, mitambo ya Dar peke yake isingeweza kutufikia.

Dawa ilikuwa kushirikiana. Kituo kidogo hunasa vipindi vya kituo kikubwa kwa dishi la setilaiti, kisha huvirusha upya kwa mtambo wake. Mkubwa hupata watazamaji bila kujenga mnara. Mdogo hupata taarifa ya habari na michezo asiyoweza kuigharamia.

Mitambo ya analojia ilizimwa Arusha Machi 2013, na sasa tunatumia visimbuzi. Hata hivyo, mzigo bado unatoka upande mmoja.

Mkataba wa amani ya Burundi ulipotiwa sahihi mjini hapa Agosti 28, 2000, dunia nzima ililetewa habari. Lakini bei ya mahindi soko la Kilombero, au ugomvi wa maji ya mifereji kule Meru, nani wa Dar ataufuata na kamera?

Nashauri makubaliano yoyote ya vipindi yatenge dakika za kwetu, na mkubwa naye azirushe. Kupokea tu si kushirikiana.