Kupima Pumzi ya Mwanafunzi: Faida Yake na Mpaka Wake

Siku matokeo ya Mtihani wa Taifa yanapotoka, kila mtu katika Mulongwe anajua bila kuambiwa. Vijana waliofaulu wanamwagiwa unga mweupe kichwani. Wanapita barabarani wakiimba, pikipiki zinapiga honi, na mama zao wanapiga vigelegele. Mtihani huu umekuwako katika Kongo tangu mwaka 1967, na furaha ya mtoto aliyeushinda ni furaha ya nyumba nzima. Hakuna ubaya katika furaha hiyo. Ubaya unaingia pamoja na chupa. Mtoto akinywa bia, kasiksi au kanyanga, kisha akapanda pikipiki au akaenda kuoga ziwani, siku ya shangwe yaweza kuwa siku ya kilio.

Ndiyo maana mzazi au mwalimu anaweza kuuliza: Je, inafaa kuwapima wanafunzi pombe mlangoni mwa shule, au wakati wa sikukuu ya shule? Tuangalie jambo hili kwa utaratibu.

Pombe inakwenda wapi mwilini?

Mtu akinywa, pombe haikai tumboni kama chakula. Inapenya upesi katika damu, na damu inaichukua mpaka kwenye ubongo, ini na mapafu. Katika mapafu sehemu ndogo ya pombe inatoka pamoja na pumzi. Kwa hiyo pumzi inaonyesha mambo yaliyomo katika damu.

Kazi ya kuimaliza pombe ni ya ini, nalo haliharakishwi. Chupa kubwa ya bia, yenye santilita 72 na pombe asilimia 5, ina gramu 28 hivi za pombe tupu. Ini la mtu mzima linamaliza gramu 7 mpaka 10 hivi kwa saa moja. Basi chupa moja tu ni kazi ya saa 3 au 4. Kahawa haisaidii, wala maji baridi, wala kutapika baada ya pombe kuingia katika damu. Mwili wa kijana ni mdogo, na hauna desturi ya pombe. Unashindwa mapema zaidi. Kanyanga ni kali kuliko bia mara nyingi, na anayekunywa hajui ina nguvu gani.

Kipimo kinafanyaje kazi?

Mwaka 1954, huko Marekani, Robert Borkenstein alitengeneza chombo cha kupima pombe katika pumzi. Vya siku hizi vinaenea mkononi. Mtu anapuliza katika kijibomba safi, na tarakimu inaonekana. Polisi wa barabarani wa Kenya wamekitumia kwa madereva, na shule nyingi za Marekani zimekitumia kwenye sikukuu za ngoma za wanafunzi.

Kipimaji afuate mambo haya:
1. Kila mtu apewe kijibomba chake kipya.
2. Kama mtu amekunywa au amesukutua kinywa sasa hivi, angoje dakika 15, kwa maana pombe iliyobaki kinywani inadanganya chombo.
3. Kama chombo kimeonyesha pombe, apimwe mara ya pili.
4. Apimiwe kando, si mbele ya wenzake.

Kipo pia kipimo cha mkojo. Hicho kinaweza kuonyesha alama za pombe hata siku 2 au 3 baadaye. Mwaka 2007 shule ya Pequannock, katika jimbo la New Jersey, ilianza kukitumia kwa wanafunzi wake. Lakini hata dawa ya kunawa mikono yenye pombe yaweza kukichafua kipimo hicho.

Mambo ambayo kipimo hakijui

Ndugu msomaji, maji ya ziwa yakichotwa asubuhi yanaonekana meupe, na huku yanaweza kuwa na kipindupindu. Jicho halitoshi. Vivyo hivyo jicho halitoshi kumjua mlevi. Mtoto anayeyumba na kusema maneno yasiyoeleweka huenda hakunywa kitu. Huenda ana malaria iliyopanda kichwani. Huenda amepungukiwa sukari katika damu, au ametoka katika kifafa, au ameanguka akaumia kichwa. Hapa kipimo ni msaada mkubwa: kikionyesha hakuna pombe, mpelekeni hospitalini upesi. Na hata kikionyesha pombe, ugonjwa waweza kuwamo pamoja nayo.

Tena, kipimo kinasema tu kwamba pombe imo sasa. Hakisemi ni nani aliyeiuza. Hakisemi kama mtoto amejaribu mara moja kwa kushawishiwa, au anakunywa kila jioni kwa sababu ya huzuni ya nyumbani. Mwaka 2015 chama cha waganga wa watoto wa Marekani kilitangaza kwamba hakiungi mkono desturi ya kuwapima wanafunzi dawa za kulevya shuleni, kwa kuwa ushahidi wa faida yake haukutosha. Basi tusidhani kwamba chombo kitafanya kazi ya wazazi.

Jambo kubwa ni hili: baada ya kupima, nini?

Shule isiyo na jibu la swali hili isinunue chombo. Mtoto aliyeonekana na pombe akifukuzwa mlangoni, ataondoka peke yake, usiku, kupita barabara ya magari au kando ya ziwa. Waliomfukuza wamelinda sikukuu yao, lakini hawakumlinda mtoto. Inafaa prefe, walimu na wazazi wapatane mapema, na wanafunzi waambiwe kabla ya siku yenyewe: mtoto hataachwa peke yake, mzazi ataitwa aje kumchukua, jina lake halitatangazwa, na siku ya tatu mzazi, mwalimu na mtoto watakaa pamoja kuzungumza. Adhabu ikiwapo, iwe ya kumrudisha, isiwe ya kumkatia masomo.

Mtoto akizidiwa na pombe

Mlaze kwa ubavu, ili matapishi yasimzibe pumzi. Mfunike, maana mwili unapoa. Usimnyweshe kitu akiwa hana fahamu. Usimwogeshe kwa maji baridi. Usimwache alale peke yake ukisema, “Ataamka.” Hesabu pumzi zake. Zikiwa chini ya 8 kwa dakika, au akiwa haamki, au akipata degedege, mchukue hospitalini mara moja. Huko watapima sukari yake kwa tone la damu, maana pombe inaweza kushusha sukari ya mtoto mpaka afe. Na mtu aliyekunywa kanyanga akisema macho hayaoni vizuri, hata kama ni kesho yake, asingoje: huenda amekunywa sumu.

Chanzo kiko wapi?

Tanzania ilikataza pombe za viroba tarehe 1 Machi 2017, na Uganda nayo ikakataza mwaka 2019, kwa sababu viroba vya bei ndogo viliingia hata mifukoni mwa watoto. Kwetu Kongo sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu kila mtu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Lakini ni nani anayemtuma mtoto kununua chupa? Mara nyingi ni mtu mzima wa nyumbani.

Tena tusiseme kwa ukali bila kufikiri. Mama fulani anapika kasiksi ili alipe pesa za masomo ya mtoto wake. Kumlaumu tu hakutalipa pesa hizo. Tumsaidie kupata biashara nyingine, ya samaki, ya unga au ya sabuni. Na kabla haijapatikana, tumwombe neno moja: asimwuzie mtoto wa mtu, kwa maana jirani naye aweza kumwuzia wake.

Maswali ya kuzungumza pamoja
1. Kwa nini kahawa haimalizi pombe?
2. Ni magonjwa gani yanayofanana na ulevi?
3. Katika mtaa wetu, siku ya matokeo, ni nani atakayekaa na watoto mpaka jioni?